Mwalimu wa Kwaya na Kambare Aliyemeza Ndoano

Mwalimu wa kwaya hakuweza kuvua samaki kimya. Wavuvi wengine wa bwawa letu walikaa kama magogo, wakisemezana kwa macho, lakini yeye alifika anaongea, akatia chambo anaongea, akarusha mshipi anaongea, na maneno yakimwishia alianza kuimba. Wala hakuimba wimbo mzima. Aliimba besi peke yake, ile besi ambayo waimbaji wake walikuwa wameiharibu Jumapili iliyopita. Ukimsikia kutoka ng'ambo ungedhani kuna mtu anagombana na maji.

"Mwalimu, unafukuza samaki," watu walimwambia.

"Wanaokimbia ni wale wasiopenda muziki. Hao hata ukiwakaanga hawana ladha."

Na alipata samaki kuliko wote. Hilo ndilo lililowaudhi.

Kijiji chetu kiko upande wa Mafinga, pale msitu wa paina unapoishia na mabonde ya mboga yanapoanza. Asubuhi za Juni ukungu unalala juu ya bwawa mpaka saa nne, na mtu unamtambua kwa sauti kabla hujamwona. Yeye tulimtambua hivyo maisha yake yote. Hakuwahi kufundisha shule hata siku moja, lakini kila mtu alimwita mwalimu, mkewe pia, na nadhani hata angeibiwa usiku mwizi angesema, samahani mwalimu.

Alivaa sweta ya kijani iliyoliwa viwiko, mabuti ya mvua hata wakati wa kiangazi, na kiunoni alifunga kikombe cha bati kwa kamba ya katani. Kikombe kile kilikuwa kinanda chake. Alikigonga kwa kijiko, akainamisha kichwa, akasema, "Hiyo ni so," kisha kwaya nzima ikaanzia hapo. Kilipobonyea upande mmoja baada ya kuanguka kwenye mawe, alihuzunika wiki nzima, akidai so yake imeshuka. Sisi tuliona inalia vilevile.

Watu aliwaita kwa sauti zao. Mimi nilikuwa Alto. Akinisalimu, "Alto, kamwene." "Alto, mbona umechelewa, mahindi yamekushika mguu?" Mdogo wangu Faraja alikuwa Soprano, jambo lililomchoma sana, maana alikuwa na miaka kumi na miwili na rafiki zake walimsikia. Mtu asiyeimba aliitwa Msikilizaji, na kwa namna alivyolitamka ungejua si cheo cha heshima.

Alikuwa na msemo wake mmoja: "Bado ubeti wa pili." Kwaya ikiimba vibaya, bado ubeti wa pili. Paa la kanisa likivuja juu ya kitabu cha matangazo, bado ubeti wa pili. Bibi harusi mmoja alirudi kwao kabla ya keki kuisha, na wazee walipokaa kulaumiana, mwalimu alipita na ndoo yake ya samaki akasema maneno yaleyale, bila kusimama. Yule binti alirudi kwa mumewe, wana watoto wanne sasa. Mwalimu alijisifia ndoa ile kana kwamba ameifungisha yeye.

Alituhubiria subira, naye hakuweza kusubiri chai ipoe. Ulimi wake ulikuwa umeungua tangu ujana. Alikaa ukingoni mwa maji kila siku na hakujua kuogelea, akiteleza kidogo alishika nyasi kwa mikono yote miwili na kuita jina la Bwana kwa sauti ya nne. Wale perege wadogo kama kiganja aliwala na mifupa, kichwa, kila kitu, hakubakiza hata cha paka. Lakini akipata mkubwa, yule ambaye mwingine angemkimbiza nyumbani, alimshika chini ya tumbo, akamtazama usoni, akamrudisha.

"Huyu ni mzazi," alisema. "Wazazi hatuli."

Sasa, mwenye ndoano mdomoni ni rahisi, unaigeuza, inatoka, samaki anakwenda zake. Mwalimu alikuwa na desturi ya kulaza kijino cha ndoano kwa koleo ili isishike sana. Ugomvi ulikuwa juu ya yule aliyemeza. Yule ambaye ukimfungua kinywa unaona mshipi tu unashuka gizani. Huyo naye mwalimu alimrudisha. Hakumfuata kooni. Alikata mshipi karibu kabisa na midomo, akamwachia na ndoano yake tumboni.

Jambo hili lilimnyima raha muuza nyama. Muuza nyama wetu alikuwa mtu mnene, mwenye kicheko kizuri, na walikutana na mwalimu kwenye kilabu cha ulanzi siku za soko. Mwalimu alikunywa ule mtamu wa asubuhi tu, uliogemwa kwenye mianzi siku hiyohiyo, akaondoka kabla haujapata ukali, kwa sababu besi haipendi pombe. Katika muda huo mfupi waliweza kugombana vya kutosha.

"Mwalimu, unarudisha maiti majini," muuza nyama alimwambia mara moja nikiwa nimeenda kuuza maandazi. "Chuma tumboni. Wewe ungeishi?"

"Nikuulize. Ukimpasua ng'ombe, tumboni unakuta nini?"

"Nyasi."

"Na nini?"

Muuza nyama alinusa kwamba anategwa, lakini alipenda sana kuhadithia. "Misumari. Waya. Siku moja nilikuta nusu ya kitasa."

"Huyo wa kitasa ulimkuta amekufa?"

"Afe wapi? Nilimchinja mwenyewe, alinipiga teke la paja."

"Kwa hiyo alikuwa anatembea na kitasa, anakula, anapiga watu mateke."

Kilabu kizima kilicheka. Muuza nyama akangoja kicheko kipungue. "Ng'ombe si samaki," akasema. "Ng'ombe wako nikimtaka namwona, yule pale malishoni. Samaki wako yuko wapi? Nionyeshe mmoja."

Hapo mwalimu alikwama, na kila mara alikwama hapohapo. Bwawa ni kubwa. Aliyerudi majini hakuleta taarifa. Nilimwona mara nyingi akishamwachia samaki anabaki ameinama, anatazama mahali maji yalipojifunga, kama mtu aliyeuliza swali mlangoni na mwenye nyumba hajajibu. Alitaka mno kujua. Alitaka samaki mmoja tu, mahali padogo, ambapo angeweza kumngoja.

Akampata. Akampata kwetu, na laiti angechagua nyumba nyingine.

Baba yetu alichimba bwawa dogo nyuma ya nyumba, kwenye bonde linalopata jua mapema. Kambare hapendi baridi, na watu walimcheka. Yeye akaenda Usangu kwa rafiki yake mfugaji, Msukuma aliyehamia kule na ng'ombe wake, akarudi juu ya lori la mpunga na ndoo katikati ya miguu. Ndani ya ndoo mlikuwa na kambare jike. Alikosa ndevu moja upande wa kushoto, labda aling'atwa na mwenzake akiwa mdogo. Tulimwita Mama wa Usangu. Mvua za kwanza zikinyesha baba alimhamishia kwenye kidimbwi cha pembeni chenye nyasi, akamtilia dume, akafungulia maji mapya ya mfereji, na Mama akataga. Watu wa Mufindi nzima waliokuwa na mabwawa walikuja kuchukua vifaranga kwetu badala ya kushuka Usangu. Madume tulibadilisha. Majike mengine tulijaribu, yakanenepa tu. Nyumba yetu ilisimama juu ya samaki mmoja.

Baba alifariki, na mama akamfuata kabla nyasi za kaburi la kwanza hazijashika. Nilikuwa nimeshaacha shule nikiwa kidato cha pili ili nimuuguze mama. Baada ya matanga ukoo ulikaa. Baba mdogo kutoka Makambako alisema atamchukua Faraja. Neema, wa mwisho, aende kwa shangazi Iringa mjini. Mimi nitafutiwe kazi ya nyumbani Mafinga.

Nilisema hawatoki.

Hakukasirika. Baba mdogo si mtu mbaya. Alinitazama, akatazama bwawa. "Basi tuone mvua hizi," alisema. "Ukipata vifaranga, mtakaa na mimi nitakaa kimya. Usipopata, nakuja na gari, na usinililie."

Kiangazi kilipokaribia kwisha nilitaka kumhamisha Mama mapema, nimlishe peke yake anenepe. Wavu wa baba ulikuwa umeoza, ukiushika unabaki na nyuzi mkononi. Kuyamwaga maji ya bwawa nisingethubutu, maana mfereji ulikuwa unadondoka matone tu. Mwalimu wa kwaya akasikia. Alifika asubuhi hiyohiyo, mabuti yake, kikombe kiunoni, uso unang'aa.

"Alto, hili ni jambo la ndoano. Nitamshika mdomoni kwa adabu kabisa. Ndani ya saa moja atakuwa kidimbwini, na wewe utakuwa unanipikia chai."

Alisahau ndoano zake kwa haraka ya kuja. Faraja akampa yake, ya dukani, kijino kikali hakijalazwa. Mwalimu akatia utumbo wa kuku, akarusha.

Sasa, mwaka ule sauti ya Faraja ilikuwa inavunjika. Alisema neno moja, mwalimu akageuka kama aliyeguswa na moto.

"Sema tena."

"Niseme nini?"

"Umesikia, Alto? Soprano amekufa. Huyu ni sauti ya tatu." Na palepale, mshipi mkononi, akaanza kumfundisha sauti ya tatu ya wimbo wa Pasaka. Faraja, ambaye alikuwa ameingojea siku hiyo kwa miezi, akaimba kwa nguvu zake zote. Mwalimu alikuwa amefumba macho, mkono wa kushoto unapiga tempo.

"Mwalimu," nilisema, "mshipi unatembea."

"Shuka, mwanangu, usipande hapo, shuka."

"Mwalimu."

"Hapo, hapo umeipata."

Nilipomshika bega ndipo akafumbua macho. Mshipi ulikuwa umekwenda mpaka kwenye matete na kurudi. Akavuta. Mama akaja mzitomzito, bila kupigana sana, nasi tukampokea kwa gunia lenye maji. Nikamfungua kinywa. Mshipi uliingia katikati ya ndevu zake, ukashuka, ukapotea.

Nilichukua koleo. Mwalimu akanishika kiganja.

"Usimfuate huko."

"Ni samaki wangu."

"Ni wako. Ndiyo maana nimekushika. Ukivuta utaitoa ndoano pamoja na kilichoishika."

"Umeivunja nyumba yangu kwa wimbo," nilimwambia. "Umeivunja hivi hivi, unaimba."

Alinyamaza. Nilimfahamu tangu nilipokuwa nabebwa mgongoni na sikuwahi kumsikia amenyamaza. Faraja alikuwa analia na sauti yake mpya, inapanda na kushuka.

"Nisipovuta ataishi?" niliuliza.

Mtu huyu alikuwa amebishana kilabuni miaka mingi kwamba wanaishi. Alikuwa na kitasa cha ng'ombe kama ushahidi. Alimtazama Mama, akanitazama mimi.

"Sijui," alisema.

Angesema ataishi, ningevuta. Nilikuwa na hasira ya kutosha kufanya kinyume cha chochote atakachosema. Lile neno lake ndilo lililonifanya niweke koleo chini. Akakata mshipi kwa wembe, karibu kabisa na midomo. Tukambeba Mama mpaka kidimbwini. Alizama moja kwa moja, kama jiwe la kusagia.

Maji ya kidimbwi yalikuwa ya tope, huoni chini ya kiganja. Ishara pekee ya kambare ni pale anapopanda kuvuta hewa; maji yanafanya chwap, unaona ndevu, kisha duara linapanuka. Siku zilipita bila chwap. Chakula nilichotupa kilielea mpaka kikaota ukungu. Muuza nyama alipita njiani, akaweka mikono juu ya tumbo.

"Nasikia mwalimu amewahifadhia maiti."

Faraja akamrushia bonge la udongo, nami sikumkemea.

Mwalimu alikuja kila alfajiri na kopo la minyoo. Alisimama upande wa pili wa kidimbwi, kwa sababu sikuwa namsemesha. Alitupa minyoo mmojammoja, akangoja, akaondoka. Hakuimba. Kanisani Jumapili ile masoprano walishuka mpaka wakakutana na sisi maalto, naye akaendelea kupunga mkono, hakusimamisha, hakugonga kikombe. Watu walidhani anaumwa.

Sikuweza kuvumilia. Nilikuwa nimemkasirikia kwa kelele zake, na sasa ukimya wake ulinitisha zaidi kuliko maji yale.

"Mwalimu," nilimwita asubuhi moja kutoka upande wangu, "imba."

"Atasikia."

"Asikie. Kama anakufa, asife kama mgeni."

Akakohoa, akatazama pembeni, akaanza besi yake polepole. Faraja alitoka jikoni akaja na sauti ya tatu. Mimi nikaingia na yangu. Tuliimba ubeti wote mbele ya maji yale machafu, na ningependa kusema kwamba Mama alipanda juu. Hakikutokea kitu. Chura mmoja aliruka. Tukaenda kunywa chai, na mwalimu akaunguza ulimi.

Ilikuwa asubuhi nyingine kabisa, nakanda unga, Neema alipoingia mbio akanivuta kanga.

"Dada, amekunywa hewa."

"Nani?"

"Mama. Nimemwona ndevu. Upande huu ziko pungufu."

Sikumbuki nilivyofika kidimbwini. Nilisimama na mikono ya unga. Ukungu ulikuwa mzito, hata nyasi za ng'ambo hazionekani. Tulingoja, Neema amenishika. Kisha, karibu kabisa na miguu yetu, chwap. Kichwa bapa, cheusi, ndevu zimetandazwa juu ya maji, na upande wa kushoto pengo. Akavuta hewa, akageuka bila haraka, akaondoka.

Faraja alikuwa tayari anakimbilia kwa mwalimu. Mwalimu alikuja na kandambili za rangi mbili tofauti, moja ya mkewe, akateleza kwenye mfereji, akashika nyasi kwa mikono yote miwili, akaita jina la Bwana, akainuka na matope mpaka kifuani. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Alimngoja Mama apande mara nyingine ili amwone kwa macho yake. Alipomwona alivua kofia.

"Sasa amini," nilimwambia.

"Kuishi ni ubeti wa kwanza," alisema, lakini midomo ilikuwa inamcheza. "Bado ubeti wa pili. Tuone kama atazaa."

Mvua ilinyesha. Nikatia dume, nikafungulia mfereji, usiku kucha maji yakachafuka kana kwamba kuna watu wanafua. Asubuhi kila unyasi ulikuwa umeshonwa mayai, madogo, ya kijani, kama mtama ambao haujaiva. Siwezi kuieleza furaha ile vizuri. Nilitembea kuzunguka kidimbwi nikiwa nimeziba mdomo, naogopa nikipiga kelele yatadondoka.

Baba mdogo alikuja na gari, kama alivyoahidi. Nilimpeleka kidimbwini, nikateka maji kwa bakuli jeupe. Vifaranga vilikuwa vingi, vidogo kama nukta mwishoni mwa sentensi, vyote vinatembea. Alikaa amechuchumaa muda mrefu. Kisha akaenda kwenye gari, akateremsha gunia la mchele aliloleta, akaondoka na kiti cha nyuma kitupu.

Muuza nyama naye alifika kuona. "Huyo dume ndiye kazaa," alisema.

"Na mayai kataga nani?" mwalimu aliuliza.

"Sijasema sijui. Nimesema dume kafanya kazi kubwa."

Tungedhani mwalimu angetosheka. Alizidi kuwaka. Sasa alitaka kujua ndoano iko wapi. Imeoza kwa kutu? Ameitema? Bado anayo? Tulipokausha kidimbwi alitafuta kwenye tope kwa sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio yake, redio nzima, ikabidi mkewe asikilize taarifa ya habari kwa jirani. Alipata misumari, vizibo vya soda na sarafu ambayo Neema alidai ni yake. Ndoano hakupata. Tangu hapo salamu yake kwangu ilibadilika. "Alto, kamwene. Mama hajambo? Hajatema?" Hata siku ya kipaimara cha Neema, mbele ya mchungaji, hajatema?

Mkewe alipofariki, binti yake alikuja kumchukua akaishi naye Mbeya, Mwanjelwa, ambako ana duka la vitenge. Mwalimu alinipigia simu kila wiki kumuulizia samaki. Mimi alinikumbuka mwishoni. Faraja akamaliza ufundi, Neema akaingia chuo cha uuguzi, mimi nikapanua mabwawa, na Mama akaendelea kutaga mwaka hadi mwaka, anazidi kuwa mweusi na mzito.

Kisha simu zikakoma. Mwaka huu, kabla ya mvua, binti yake alinipigia.

"Dada, baba amenyamaza."

"Anaumwa?"

"Hospitali wameona presha tu. Lakini haongei. Ndoano zake zote amegawa kwa watoto wa mtaani. Nikimwambia Pasaka tutaenda nyumbani, ananiambia nendeni tu ninyi. Kikombe chake nachotea pumba za kuku, hata hajauliza."

Nilikuwa na vifaranga vya kupeleka kwa mteja Mbalizi wiki ile. Niliweka mifuko ya vifaranga kwenye boksi, kisha nikachukua ndoo kubwa yenye kifuniko, nikaitoboa juu, nikaweka maji kidogo na nyasi. Kambare anavuta hewa kama sisi. Ukimweka kwenye unyevu na kivuli, anasafiri. Ndivyo alivyokuja kwetu. Faraja aliniona nimeshuka bwawani na wavu.

"Dada, akifia njiani?"

Nilikuwa nimelifikiria hilo usiku kucha. "Shuka unisaidie kumshika," nilimwambia.

Konda wa basi aliuliza ndoo ina nini. Nikasema mama. Akaniangalia, akaangalia ndoo, akaiweka mahali pazuri kuliko mizigo ya wengine.

Mwanjelwa nilimkuta mwalimu ameketi uani nyuma ya duka, amevaa sweta ileile, kichwa kimeangukia kifuani. Amepungua. Nilimwamkia. "Marahaba, Alto," alisema, basi. Hakuuliza hajatema. Niliweka ndoo mbele ya miguu yake, nikainua kifuniko.

Ndani kulifanya chwap.

Alijua sauti ile kabla hajatazama. Kichwa kikapanda. Akainama mbele mpaka binti yake akamshika sweta kwa nyuma asianguke. Akahesabu ndevu kwa kidole, upande wa kulia, kisha wa kushoto, kidole kikasimama penye pengo.

"Ni yeye," alisema. "Ni yeye, Alto. Umemleta na basi? Alikuwa anavuta hewa vizuri? Alikojoa? Nani ameweka nyasi hizi, ni nyasi zetu hizi? Taa. Leteni taa. Leteni kikombe changu."

Binti yake alimwaga pumba palepale chini, akakisuuza. Mwalimu alimwagia Mama maji mgongoni taratibu. Tulimfungua kinywa, mkwewe akamulika kwa simu. Koo safi, jekundu, linakwenda gizani. Hakuna mshipi. Hakuna chuma kinachoonekana. Mwalimu alitazama mpaka shingo ikamuuma.

"Si jambo dogo hilo?" mkwewe alisema. Ni kijana mzuri, hakuwa na ubaya. "Ameshazeeka. Tumpasue, baba ajue, halafu tumkaange."

Nikakishika kifuniko cha ndoo. Lakini mwenye swali alikuwa mwalimu, na alikuwa amelibeba kuanzia kabla Neema hajajua kusoma. Mkono wake bado ulikuwa majini.

"Mimi niliuliza kama anaishi," alisema. "Sikuuliza ndoano iko wapi."

"Mwalimu, uliua redio ukiitafuta," nilimkumbusha.

"Nilikuwa kijana."

Binti yake alicheka, akageuka upande wa ukuta, mabega yakabaki yanatikisika kwa muda mrefu kuliko kicheko. Mwalimu hakumwona. Alikuwa anapima ndoo kwa viganja vyake, anakunja uso.

"Ndoo hii inambana," aliniambia. "Mwakani umlete na pipa."

Nilipanda basi la mchana kurudi nyumbani na ndoo yangu. Hatujafika hata Uyole simu ikalia.

"Amekunywa hewa?"

"Amekunywa, mwalimu."

Ikalia Chimala. Ikalia Igawa, na nyuma yake nikamsikia binti yake anasema, baba, muache dada wa watu asafiri, naye anamjibu kwamba Msikilizaji asiingilie mazungumzo ya wanakwaya. Ikalia Makambako, giza limeshaingia, abiria wenzangu wamenichoka. Niliinua kifuniko, nikaisogeza simu mpaka karibu ya maji, tukangoja wote wawili, hadi Mama akapanda.

"Umesikia?" nilimuuliza.

"Nimesikia," alisema. "Hiyo ni so."